Wazee wanaovunjika mifupa wasiachwe mlangoni pa hospitali

Kwa Mhariri,

Tarehe 20 Oktoba kila mwaka ulimwengu huadhimisha Siku ya Osteoporosisi, yaani maradhi ya kudhoofika kwa mifupa, na hapa Nairobi siku hiyo hupita bila wengi kuitambua, pengine kwa sababu maradhi yenyewe hayapigi kelele. Mfupa hupoteza uimara wake miaka nenda miaka rudi bila maumivu wala uvimbe, mpaka siku mama wa miaka sabini anapoteleza bafuni, au anapojikwaa akishuka kwenye matatu, ndipo jamaa zake wanapofahamu kwamba mifupa yake ilikuwa imedhoofika kitambo. Mimi ninaandika kuhusu yanayofuata baada ya hapo. Nimefanya kazi ya fiziotherapia jijini kwa miaka mingi, kwanza wodini na sasa kwa kuwatembelea wagonjwa majumbani, na ninaomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua moyo: tunawaunga wazee wetu mifupa, kisha tunawarudisha nyumbani bila mpango wowote wa kuwawezesha kutembea, kujihudumia na kuepuka kuvunjika tena.

Niseme kwanza machache kuhusu maradhi haya. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na mtu akishapita ujana wake ubomoaji huanza kuushinda ujenzi polepole. Kwa mwanamke kasi hiyo huongezeka sana katika miaka michache inayofuata kukoma kwa hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua. Wanaume nao hawakusalimika, hasa wanywaji wa pombe nyingi, wavutaji wa sigara, na wale waliotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi kama vile prednisoloni kutibu pumu au baridi yabisi. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, tenofovia ikiwemo, pia hupunguza uzito wa mfupa kwa kiasi fulani. Mgonjwa asiziache hata kidogo kwa sababu hiyo, ila amwulize daktari wake kuhusu mifupa. Inakadiriwa kwamba ulimwenguni mwanamke mmoja kati ya watatu, na mwanamume mmoja kati ya watano, waliopita umri wa miaka 50 watavunjika mfupa kutokana na udhaifu huu. Inayovunjika zaidi ni nyonga, pingili za uti wa mgongo na kifundo cha mkono.

Nyonga ndiyo inayotisha zaidi. Katika nchi nyingi zinazoweka takwimu, kati ya asilimia 20 na 30 ya wazee wanaovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wanaosalia hawaurudii mwendo waliokuwa nao. Mara nyingi kinachowamaliza ni kulala kitandani kuliko ule mfupa wenyewe. Mzee asiyeinuka hushikwa na nimonia, damu yake huganda katika mishipa ya miguu, ngozi ya makalio na visigino huchubuka ikawa vidonda, na misuli yake hupukutika kwa haraka isiyotazamiwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu wenye afya njema, waliopita miaka 60, walilazwa kitandani kwa siku 10 tu, na kwa wastani kila mmoja akapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima, wanakula vizuri, hawana jeraha. Sasa mfikirie nyanya aliyepoteza damu, anayeumwa, asiyekuwa na hamu ya chakula, ambaye amelala wiki kadhaa akingoja zamu yake ya upasuaji.

Ndiyo maana miongozo ya Uingereza inaelekeza kwamba mgonjwa wa nyonga afanyiwe upasuaji siku ile aliyolazwa au kesho yake, na siku inayofuata upasuaji asimamishwe. Watu wengi hushtuka nikiwaambia hivyo. Huona kwamba ni ukatili kumwinua mtu aliyeshonwa jana. Lakini chuma au nyonga ya bandia anayowekewa mgonjwa huwekwa makusudi ili aweze kuubeba uzito wake mapema, na isipokuwa daktari wa upasuaji ametoa agizo tofauti, kila siku ya kuchelewa humwondolea mzee sehemu ya nguvu ambazo huenda asizipate tena.

Wodini, pale ambapo kuna wataalamu wa kutosha, kazi hii huanza. Nyumbani ndiko inakokatika. Majuzi niliingia katika nyumba moja ya ghorofa ya tatu mtaani Umoja kumwona mama aliyeruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kuunganishwa nyonga. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa nyuma ya mlango, imetundikwa leso na sweta za wajukuu, na ile mipira ya miguuni ilikuwa mipya, haijashika hata vumbi la sakafu. Mwanawe, kijana mwenye adabu anayempenda mamake kwa dhati, alinieleza kwamba mama ametumika maisha yake yote na sasa ni zamu ya watoto kumtumikia. Chakula alikuwa akiletewa kitandani, na hata kunawa mikono alinawishwa papo hapo alipolala. Nilipomwuliza mama mwenyewe kwa nini hasimami, alinijibu kwa sauti ya chini, “Mwanangu, nikianguka mara ya pili sitaamka.”

Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa, kwa sababu humfunga mzee kitandani kuliko maumivu. Haiondolewi kwa maneno matamu. Tulivuta kiti kigumu chenye mikono, tukaongeza mto ili kiwe juu kidogo, nikamwonyesha jinsi ya kusogea hadi ukingoni, kurudisha miguu nyuma, kuinamisha kifua mbele kiasi, kisha kusukuma kwa mikono na kunyanyuka. Alisimama kwa muda wa sala moja fupi, akaketi, akapumua, akataka tujaribu tena. Zoezi hilo la kuinuka na kuketi halihitaji mashine wala pesa, na likirudiwa asubuhi, mchana na jioni huimarisha yale mapaja yanayompeleka mtu chooni bila kushikwa mkono.

Baada ya hapo huja kutembea, na hapa kuna mambo madogo ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, wala si upande wa mguu ulioumia kama wengi wanavyofanya. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio hutangulia kupanda, na mguu ulioumia ndio hutangulia kushuka. Katika jiji ambalo wazee wengi huishi na watoto wao katika majumba yasiyo na lifti, asiyejua kanuni hiyo atakuwa mfungwa wa ghorofa yake. Nguvu zikisharudi, ni lazima aongeze mazoezi ya kusimama bila kuyumba: kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukingo wa sinki, kutembea kisigino mbele ya vidole, kuinuka kwa ncha za miguu. Mpango wa mazoezi ya namna hii uliotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Otago huko Nyuzilandi, ambao mzee huufanya nyumbani mwake kwa takriban nusu saa, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea, ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Naona ungefaa sana Kayole, Kibra au Kawangware, kwa kuwa haudai ukumbi wa mazoezi.

Nyumba zenyewe pia ni sehemu ya matibabu. Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kwa mtu aliyewekewa nyonga ya bandia, kwani mara nyingi huwa amekatazwa kukunja paja kupita kiasi katika majuma ya kwanza. Wasio na uwezo wa kununua kiti maalumu cha choo wanaweza kumwagiza seremala wa jua kali, Gikomba au popote pale, atengeneze kiti kizito chenye tundu katikati na mikono pembeni, mradi kisiyumbe. Zulia linaloteleza liondolewe, waya za umeme zisipite njiani, na taa ya tochi iwe karibu na kitanda kwa ajili ya usiku ambao stima zimepotea. Slipa zilizolika soli nazo zitupwe. Nawasihi pia wenye majumba ya kupangisha watie vyuma vya kushikilia kwenye ngazi zao, maana zipo ngazi mjini humu ambazo hata kijana huzishuka kwa kupapasa ukuta.

Uti wa mgongo una taabu ya aina nyingine, kwa sababu kuvunjika kwake mara nyingi hakujulikani. Karibu thuluthi mbili za pingili zinazovunjika hazigunduliwi kwa wakati. Mama huhisi maumivu makali ya mgongo baada ya kuinua mtungi wa maji au hata baada ya kukohoa kwa nguvu, hununua dawa ya maumivu dukani, na miaka inavyosonga hupungua kimo na kuota kibiongo. Watu husema ni uzee. Iwapo mtu aliyepita miaka 50 amepungua kimo kwa sentimita kadhaa, au mgongo umemwuma ghafla na hauachi, apigwe picha ya eksirei.

Hapa kuna hatari ya mazoezi mabaya, na ninaomba wasomaji wanisikilize kwa makini. Mwaka 1984 watafiti wa kliniki ya Mayo huko Marekani waliwafuatilia wanawake 59 wenye osteoporosisi ya uti wa mgongo. Waliopewa mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16 walipata pingili nyingine zilizobonyea au kuvunjika. Waliopewa mazoezi ya kukunja mgongo mbele, idadi hiyo ilikuwa asilimia 89. Kikundi kilikuwa kidogo, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno, na tangu hapo wataalamu huwakataza wagonjwa hawa kuinama kwa kukunja kiuno na kujipinda huku wamebeba kitu. Sasa tazama kazi za nyumbani za Nairobi. Tunapiga deki kwa kitambara tukiwa tumeinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka. Tunafua nguo katika beseni lililo chini sakafuni, tunazikamua kwa kujipinda, kisha tunainua ndoo ya maji ya lita 20 kwa mkono mmoja. Mgonjwa wa uti wa mgongo anayeambiwa apumzike wiki mbili kisha arejee kazi hizo kwa namna ileile anarudishwa kwenye kilichomvunja.

Habari njema ni kwamba hahitaji kuacha kuishi. Beseni liwekwe juu ya meza au stuli ndefu. Deki ipigwe kwa fagio la deki lenye mpini mrefu. Ndoo ijazwe nusu, ibebwe karibu na mwili, na mtu akitaka kuokota kitu akunje magoti na kuacha mgongo umenyooka. Akiamka, ageuke ubavu kwanza, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa mikono akae. Mara kadhaa kwa siku asimame mgongo wake ukiwa ukutani, avute mabega nyuma na kuinua kifua bila kujilazimisha. Maumivu ya kwanza yanapopungua, mazoezi ya misuli ya mgongo humpunguzia uchungu na kumwezesha kupumua vizuri, maana kifua kilichokunjamana hubana mapafu.

Kifundo cha mkono nitakipitia haraka. Wakati plasta imefungwa, kwa kawaida majuma matano au sita, vidole, kiwiko na bega viendelee kuchezeshwa kila siku na mkono uinuliwe juu ili usivimbe. Nimewaona wengi ambao mfupa uliungana vizuri lakini bega na vidole vikakakamaa kwa sababu mkono ulining'inizwa kwenye kitambaa muda wote. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwanamke wa miaka 55 aliyevunjika kifundo kwa kuanguka tu akiwa amesimama amepewa onyo. Mtu aliyewahi kuvunjika mfupa kwa namna hii ana hatari ya kuvunjika tena iliyo karibu maradufu ya mwenzake. Plasta ikitolewa bila mtu yeyote kumwuliza habari za mifupa yake, nafasi ya kuiokoa nyonga yake imepotea.

Na hili ndilo pengo linaloniuma zaidi. Dawa za kuimarisha mifupa zipo. Alendroneti ya miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji, na mgonjwa asilale wala asile kwa nusu saa baadaye, la sivyo humchoma umio. Asidi ya zoledroniki hutiwa mshipani mara moja kwa mwaka, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa waliopewa dawa hiyo ndani ya siku 90 baada ya upasuaji wa nyonga walivunjika upya kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 35, na vifo vikapungua kwa asilimia 28. Daktari huhitaji kwanza kuangalia figo na kiwango cha kalisi na vitamini D. Kipimo cha uzito wa mfupa kiitwacho DXA hupatikana katika vituo vichache, lakini mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka akiwa amesimama hahitaji kungoja kipimo hicho ndipo aanze kutibiwa. Pamoja na dawa, ale. Misuli haijengwi kwa chai na mkate. Omena anayeliwa pamoja na mifupa yake, maziwa au mala, mayai, ndengu, maharagwe na sukuma wiki ni vyakula tulivyo navyo, na mzee aliyefungiwa ndani atolewe nje apate jua.

Sasa nielekee kwa wenye mamlaka. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia na kwa Serikali. Sisi familia tumeachiwa sehemu yetu bila kufunzwa, na sehemu ya Serikali haionekani mgonjwa akishapita lango la hospitali. Mzee wa miaka zaidi ya 70 anayepokea Sh2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa Inua Jamii hawezi kukodi teksi kila wiki kufuata fiziotherapia katika hospitali ya rufaa, na matatu haimwezekani. Huduma imfuate mtaani. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba ya vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Watu hawa tayari hubisha milango ya wazee wetu. Wakifunzwa kuuliza maswali mawili, yaani kama mzee amewahi kuvunjika mfupa tangu atimize miaka 50 na kama ameanguka mwaka huu, na kusimamia zoezi la kuinuka kitini, tutakuwa tumefika mbali bila kujenga jengo hata moja.

Kaunti ya Nairobi nayo iajiri wataalamu wa fiziotherapia katika vituo vya afya vya mitaani. Vijana waliofuzu wapo, wengine wanatafuta kazi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya Serikali, ihesabu vipindi vya urekebishaji kuwa sehemu ya matibabu ya mfupa uliovunjika, sawa na upasuaji wenyewe. Na kila hospitali inayotibu mifupa imteue mtu mmoja, hata akiwa muuguzi, wa kumfuatilia kila mgonjwa aliyepita miaka 50 aliyevunjika kwa kuanguka, kuhakikisha amepewa dawa ya mifupa, mazoezi na tarehe ya kurudi. Mji wa Glasgow nchini Uskoti ulianza utaratibu huo mwaka 1999 na nchi nyingi zimeuiga.

Wakati huo wote tukingoja, nawaomba walio na mzee wodini leo wasikubali kuondoka kabla ya kumwuliza daktari mambo haya na kuandikiwa majibu: mguu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani na kuanzia lini, mazoezi gani yafanywe nyumbani na nani atayakagua, na ni dawa gani ameandikiwa kwa ajili ya mifupa yenyewe, mbali na zile za maumivu. Mtu wa kuja nyumbani mkimwita mwombeni cheti cha usajili, kwa kuwa tangu Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya 2014 kazi hii ina baraza lake, na mgongo uliovunjika haufai kukandwa na mtu asiyejua anachokigusa. Ile karatasi ya majibu ibandikwe ukutani karibu na kitanda, mahali ambapo kila anayemhudumia mzee, hata msichana wa kazi na mjukuu, ataisoma.

Wako mwaminifu,
Mtaalamu wa fiziotherapia,
Nairobi